Mstari wa Katikati

Verlin Stauffer alikuwa na dini mbili: kanisa la Wamenoni siku ya Jumapili, na neno "katikati" siku sita zilizobaki.

Miaka arobaini aliunda injini za magari ya mbio za njia ya udongo katika banda la nyuma ya nyumba yake, na kila aliyeshika spana mle ndani alifundishwa lile lile. Paka wino ncha ya valvu. Weka springi laini za kupimia. Funga roka, ule mkono mdogo wa chuma unaoikandamiza valvu, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua utazame. Pale roka ilipopita, wino umekwanguka ukaacha mstari. Ukiwa katikati ya ncha, kanywe kahawa. Ukiwa pembeni, badilisha urefu wa ufito unaoisukuma roka kutoka chini, mpaka mstari urudi katikati.

Jumamosi hiyo ya Machi mwanafunzi alikuwa Janelle, binti wa marehemu mdogo wake, Galen. Alitaka kuingia mbioni msimu huo, na injini alitaka aifunge mwenyewe.

"Zungusha taratibu," Verlin alimtania. "Usije ukakanyaga Galen."

Janelle hakucheka. Bonde zima lilikuwa na msemo huo. Mtu akiondoka kwenye taa za barabarani kwa kishindo, utasikia, "Kakanyaga Galen yule!" Miaka ishirini na minne iliyopita, Janelle akiwa na umri wa miaka minne, valvu ilikatika kwenye injini ya baba yake, injini ikakwama ghafla kwenye kona ya tatu, gari likabiringika mpaka kwenye uzio. Kesho yake Verlin aliifungua injini, akatoka bandani na kipande cha valvu mkononi, akawaambia watu: "Kakanyaga mafuta kupita kipimo. Injini haikuwa na kosa." Msemo ulizaliwa hapo. Fern, mjane wa Galen, naye alilichukua neno hilo akaishi nalo: mume wangu alituacha kwa sababu ya kelele za watazamaji jukwaani.

"Ami, mstari uko katikati," Janelle alisema, ameinama juu ya kichwa cha injini. "Lakini njoo uone upana wake."

"Upana? Mstari ni mstari."

"Huu ni barabara kuu. Malori mawili yanapishana."

Aliuchukua ufito wa kupimia, ule wenye skrubu ya kurefusha na kufupisha, akaufupisha nusu mzunguko. Akapaka wino upya, akazungusha, akatazama. Akafupisha tena. Safari ya nne mstari ulikuwa mwembamba kama uzi, ila umesogea kidogo upande wa kuingizia hewa.

"Haya, umeuharibu."

"Nimeutengeneza. Mstari mpana maana yake roka inateleza mbali juu ya ncha, na ikiteleza inaisukuma valvu ubavuni. Mstari mwembamba, inasukuma chini tu. Katikati ni urembo, ami. Unaotakiwa ni wembamba."

"Nani kakufundisha? Simu?"

"Simu, na chuo. Na wewe uliyenifundisha nisiamini kitu kabla sijakipima."

Verlin alicheka, kile kicheko chake cha kutikisa mabega, kisha kikamwishia kinywani. Kichwani alikuwa anapiga hesabu: mizunguko elfu saba kwa dakika, kila valvu inafunguka mara elfu tatu na mia tano, na kila ikifunguka inasukumwa ubavuni ndani ya bomba lake la shaba, mpaka bomba lilike, valvu icheze na ikatike.

Alikwenda kwenye rafu ya mwisho, akashusha kasha, akafukua vichwa vya injini ya Galen, aliyoifunga yeye mwenyewe. Siku ile alitazama valvu iliyokatika tu. Matundu ya mabomba yale ya shaba hakuyatazama. Sasa aliingiza ncha ya kidole kwenye tundu la valvu iliyokatika. Lilipaswa kuwa duara; lilikuwa yai. Akajaribu la pili, ambalo valvu yake haikuwa na hata mkwaruzo. Yai. Akapapasa yote kumi na sita. Yote yalikuwa mayai, yote yamelika kwa kufuata uelekeo wa roka. Mguu wa dereva unaweza kuvunja valvu. Haulikwangui kila tundu upande ule ule.

"Ami," Janelle aliita polepole. "Mama anajua?"

"Mama yako anajua nililomwambia mimi."

Fern alikuwa jikoni kwake anamenya viazi Verlin alipoingia, mikono bado ina grisi.

"Unaingia jikoni kwangu na mikono hiyo?"

"Kaa kwanza, shemeji."

"Nikikaa sitainuka. Sema."

Verlin alianza na fito na roka, akajikwaa. Fern akanyanyua kisu. "Niambie kama unamwambia mmenya viazi."

"Galen hakukanyaga kupita kipimo. Mimi ndiye niliyepima vibaya. Ile injini ilikuwa inajila tangu siku nilipoifunga. Hata angeiendesha kama mchungaji anaenda ibadani, ingekatika."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki. Hakuna aliyeyafunga.

"Wiki ile," Fern alisema, "aliniambia gari linatoa moshi wa buluu, kama linaunguza oili. Akasema atakuuliza."

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

Verlin alitazama sakafu. "Nilimwambia apunguze mguu."

Fern aliweka kisu chini, taratibu, kana kwamba ni kitu cha kuvunjika. "Miaka ishirini na minne namgombeza, Verlin. Kila nikitandika kitanda. Mwaka ule mabomba ya maji yalipoganda kwa baridi. Siku Janelle alipomaliza shule na kiti cha pembeni yangu kikawa kitupu. Namgombeza mtu ambaye hawezi hata kunijibu."

"Nigombeze mimi."

"Wewe zamu yako inakuja, usiwe na haraka." Alisukuma bakuli la viazi kando. "Lakini yeye namwombaje radhi?"

Verlin alikwenda kwenye sinki, akayafunga maji.

Fern alivuta kiti, akakaa.

"Nenda nyumbani," alisema. "Sikufukuzi. Nataka tu nikae kidogo na mume wangu."