Nafasi ya Ndani ya Mshono

Nijieleze kwanza, maana nikianza na sifa za binti wa kaka yangu mtasema natia chumvi. Mimi ni fundi cherehani, subira sina, na nikiona mtu anahangaika kutafuta neno namtafutia mimi. Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, juu ya duka la vyombo. Kaka anakata, mimi nashona. Binti yake tunamwita Bobini tangu alipokuwa akitambaa chini ya meza akiokota vile vigurudumu vya uzi. Leo anasoma uhandisi wa majengo chuo kikuu.

Bobini ana kigugumizi, tena si cha mchezo. Neno likikwama, shingo inakaza, macho yanafumba, na wewe uliye mbele yake ndiye unayetoka jasho. Nyumba nzima tumezoea kumalizia. Akisema "Naomba mka—" ameshapewa mkasi. Bingwa wa kazi hiyo ni mimi. Tangu akiwa mdogo, akianza tu "Sha—" mimi nimeshaitika na kumwuliza anataka nini, hata wateja wengine wananiita Sha wakidhani ndilo jina langu. Sijaona sababu ya kuwasahihisha.

Sasa sikilizeni alichofanya mtoto huyu. Alichukua mabaki ya vitambaa tunayofagia kila jioni, akayakatakata, akayachanganya na gundi ya wanga, akayagandamiza mpaka yakawa bodi za kuweka darini, chini ya bati. Bodi hizo zinanyonya kelele za mvua. Alizijaribu kwanza juu ya vichwa vyetu. Zamani mvua ikinyesha tulikuwa tunaongea kwa ishara. Siku hizi namsikia kaka akipiga mluzi wake, kwa bahati mbaya. Bobini alizitengeneza kwa ajili ya madarasa, kwa sababu shuleni kwao mvua ikianza mwalimu alikuwa anakaa chini, hasikiki. Na yeye ndiye mwanafunzi pekee aliyeifurahia mvua, maana siku hiyo hakuna aliyeulizwa swali. Mtu aliyejificha ndani ya kelele miaka yote ndiye aliyekwenda kuzizima kwa faida ya wenzake. Mimi nisingefanya hivyo, nasema ukweli.

Chuo kikamchagua aende ng'ambo, kwenye kongamano la wanafunzi wa nchi nyingi, azieleze bodi zake. Ila msimamizi wake, mama mmoja mpole lakini hana mzaha na saa, aliweka sharti. Kule kila mtu anapewa dakika zake, zikiisha anakatizwa, na lazima ajibu maswali. Bobini akishindwa kwenye mazoezi katika ukumbi wa chuo, nafasi ataichukua mwenzake aliyemsaidia kupima bodi, kijana mwenye ulimi laini. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Hapo ndipo tulipokumbuka jambo tunalolijua sisi tu: cherehani ikinguruma, ulimi wa Bobini unafunguka. Basi mimi na kaka tukawa tunaendesha cherehani kwa ajili yake, hata bila uzi, naye anasimama katikati akihutubia majora ya vitambaa. Alikuwa anaongea vizuri mno. Siku moja nilikolea kumsikiliza nikasahau kwamba yangu ina uzi, nikashona mguu wa suruali ya mteja mpaka chini, nikaufunga kabisa. Mwenyewe alipokuja kuijaribu, mguu uliingia ukagoma kutokea. Nilimwambia ni mtindo mpya, lakini hakucheka.

Nikatoa wazo, na nililiona la akili sana. Tukarekodi mngurumo wa cherehani kwenye simu, aende ukumbini na hedifoni masikioni.

Alirudi jioni uso umemshuka. Hotuba ilitiririka vizuri, alituambia, mpaka mtu wa nyuma alipouliza swali. Hakulisikia. Alimtabasamia tu, kama mtu aliyesalimiwa kwa mbali. Alipovua hedifoni ulimi ukafunga, na yule mwenzake akamjibia, tena akajibu kwamba bodi ni za kupunguza joto. Msimamizi alimpa jaribio moja la mwisho.

Nilichemka. Nikawalaani yule kijana, msimamizi na saa yake, nikasema tutanunua hedifoni nzuri zaidi. Huku nasema nilikuwa nakanyaga cherehani, ili aweze kunijibu. Bobini akaja akaweka mkono juu ya gurudumu, likasimama.

"Si-sitaki kusikia cherehani," alisema. "Nataka kusikia ma... maswali."

Nikatoa miguu kwenye kanyagio.

Akatandaza karatasi za hotuba kwenye meza ya kukatia, karibu na baba yake aliyekuwa anakata sare ya mtoto wa shule. Kaka ana tabia moja inayowaudhi wateja: ndani ya mshono wa sare huacha kitambaa kingi. Wanalalamika anawapotezea kitambaa, yeye anawajibu kwamba mtoto atakua, mshono utafumuliwa nguo ipanuke. Bobini alimtazama muda mrefu. Halafu akachukua kalamu, akaanza kufuta. Alifuta salamu ndefu, akafuta maneno makubwa ya kitaalamu, akafuta karibu nusu ya kila ukurasa. Nikamwuliza kama amechanganyikiwa, maana alikuwa anakata mpaka nyama.

"Baba huacha na-nafasi ndani," alisema. "Na mimi naacha ya... ya kukwama."

Kaka hakuinua uso. Alipenga kamasi, akaendelea kukata, na ule mshono aliuacha mpana kuliko kawaida.

Siku ya jaribio nilikwenda bila kualikwa, tepu ya kupimia ingali shingoni. Bobini alisimama mbele, masikio matupu. Akakwama kwenye neno la kwanza. Yule mwenzake, ambaye kwa kweli si mtu mbaya, akafungua mdomo amsaidie. Na mimi nilikuwa nimeshafungua wangu. Bobini akainua kiganja, kama anasimamisha gari. Tukangoja. Neno likatoka, zima, lake. Akakwama tena, akainua kiganja tena, tukangoja tena. Niliwatazama watu waliokaa ukumbini nikaona hawamwonei huruma. Walikuwa wameinama mbele ili neno lisiwapite. Sijawahi kusikilizwa hivyo maisha yangu yote, na mimi napiga kelele kutwa.

Alimaliza, na saa ya msimamizi ilikuwa bado inampa muda. Yule mama akaiweka mezani, akasema safari ni yake, limebaki jambo moja tu: ajibu swali.

Nikainua mkono mimi. Msimamizi akaitazama tepu yangu, kisha akaniruhusu.

"Hivyo vitambaa," nikauliza, "ulivipata wapi?"

Bobini akanitazama. "Kwa baba yangu," alisema. "Na kwa sh..."

Shingo ikakaza, macho yakafumba. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, maana jibu lilikuwa mimi. Nikachukua ncha ya tepu nikaiuma. Ilichukua muda mrefu, na ukumbi mzima ukakaa ukingoja nami.

"Shangazi yangu," alisema.

Nimemlea tangu anatambaa, na siku ile ndipo nilipolisikia neno hilo lote kutoka kinywani mwake.

"Nipo, mwanangu," nikaitika. Wakacheka. Mimi nilikuwa nalia, na tepu bado iko mdomoni.