Tangi Lililovimbiwa Mkate wa Pasaka

Msinilaumu haraka. Mjini kwetu mkate wa Pasaka hautupwi. Ni mtamu, una zabibu kavu, umebarikiwa kanisani. Nani athubutu kuutia jalalani? Basi sikukuu ilipokwisha, watu wakaniletea mikate iliyokauka, magunia kwa magunia. "Zhivka, bora uliwe na tangi lako kuliko panya." Mimi ndiye mwendeshaji wa tangi linalogeuza mabaki ya jikoni kuwa gesi. Nikapokea yote, nikalilisha siku tatu mfululizo, tena kwa furaha.

Siku ya nne likavimbiwa. Sukari ilikuwa nyingi mno, asidi ikapanda, vijidudu vinavyotoa gesi vikafa, na mwali wa gesi kwenye bomba ukazimika.

Meneja wetu, Lyuben, akaja na barua mkononi. "Halmashauri inasema mwali usipowaka kufikia siku ya Mtakatifu Georgi, tunafunga. Taka zirudi kuchomwa bondeni."

"Bado siku kumi na mbili."

"Kwani ni mimi niliyelilisha keki?"

Iliniuma, maana alisema kweli. Moshi wa bonde lile ndio uliomharibu mama yangu mapafu. Sasa yuko nyumba ya wazee, na dirisha lake linatazama huko huko. Nikaapa: halifungwi, wallahi halifungwi.

Nikaacha kulilisha, nikatia chokaa, nikakoroga. Asidi ikashuka, lakini gesi ng'o! Tangi limetulia tu, kama maziwa yaliyogoma kuganda. Hapo nikajipiga paji la uso. Mtindi haugandi bila chachu ya mtindi mwingine! Na chachu ya tangi ni mavi mabichi ya ng'ombe, yenye vijidudu hai. Mwenye ng'ombe wa kutosha ni mmoja tu, Bibi Kerana. Jamani, kwa nini yeye? Mwaka juzi, mkutanoni, mbele ya mji mzima, nilisema zizi lake linatutia aibu.

Nikaenda hivyo hivyo. Nilimkuta anakamua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Loo, mtaalamu! Umekuja kunusa aibu ya mji?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea."

"Radhi nimeisikia. Mavi sikupi. Nasikia tangi lako limekula keki likazimia!" Akacheka mpaka ng'ombe akageuza shingo.

Nusura nirudi. Nikakumbuka kikohozi cha mama. Nikavua kofia yangu ngumu ya kazini, nikaikinga mbele yake kwa mikono miwili, kama tunavyokinga bakuli kwa jirani.

"Bibi, mtindi wangu umekufa. Naomba chachu."

Kicheko kikakatika. Kwetu hakuna mwanamke anayemnyima jirani chachu, hata jirani aliyemwibia kuku. Na alijua kwamba najua.

"Mjanja mkubwa wewe," akasema, akiinuka kwa kushika kiuno. "Haya, iache hiyo kofia hapa. Ila chachu hurudishwa."

Akatoa trela nne za mavi. Nikayamwaga yote tangini, kisha nikawa nalilisha tangi kidogo kidogo, ndoo moja asubuhi, ndoo moja mchana, kama mgonjwa anayenyweshwa uji. Siku ya tisa tangu barua ile, vikaonekana viputo. Siku ya kumi na moja bomba likakohoa, mwali wa buluu ukasimama. Lyuben akapiga ishara ya msalaba. Mimi nililia, sikujificha.

Siku ya Mtakatifu Georgi wakaguzi wa halmashauri walikuwa bado wanaukodolea mwali macho, Bibi Kerana akaingia getini na kofia yangu mkononi.

"Nimekuja kudai chachu yangu."

Nikamjazia tope linalotoka tangini baada ya gesi, mbolea safi. Akaliinamia, akanusa kwa muda mrefu mbele ya wageni wote.

"Halinuki," akasema, kama aliyeibiwa kitu. Akanigeukia. "Kumbe sasa ni zizi langu tu linalonuka mji huu? Siwezi! Leta bomba lako mpaka kwangu, livute mavi yote."

Wakaguzi wakaanza kuzungumzia vibali na vikao. Nilitazama juu, nyumba ya wazee. Dirisha la mama lilikuwa wazi. Nikachukua sepetu, nikaanza kuchimba mtaro wa bomba kuelekea zizini.