Gari Iliyosubiri Rangi

Magurudumu ya mbele yalikuwa yashavuka mlango wa ua pale Ahmada, jirani yetu, alipokuja mbio akaweka mikono miwili juu ya boneti, kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Bakar, zima. Babako kaapa."

Usukani nimeushika mimi. Mama yangu, Mwatum, kakaa kiti cha pili, na mdogo wangu Mwanabaraka kampakata kifuani. Mtoto alikuwa akikohoa kikohozi cha kukwaruza, midomo imeanza kuiva weusi. Pumzi zake zilinuka mafuta ya taa.

"Ahmada," mama akasema, "weye ulikuwepo alipoapa. Miye niliambiwa. Tupishe."

"Bi Mwatum, hii ni ya tatu."

"Talaka zangu nazijua hisabu yake. Tupishe."

Akaondoa mikono. Nikaachia klachi, gari ikashtuka ikatoka, tukashika njia ya Ngezi.

Gari yenyewe ilitoka baharini. Aliileta Sleiman, mtoto wa Bwana Thuwein mwenye mashamba ya karafuu, mwaka wa hamsini na nane, kutoka Unguja. Gari ya starehe, ya mbio, viti viwili, haina paa, pua ndefu. Haikuwa gari ya njia zetu, lakini Sleiman alikuwa kijana na baba yake alikuwa hamkatalii kitu. Walipokuwa wakiishusha Wete mbao zikavunjika, ikazama kwa pua. Ikalala topeni mpaka maji yalipokupwa, watu wakaivuta kwa kamba. Sleiman akaizunguka, akaona tope mpaka kwenye viti na chumvi kila pahala, akasema anayeitaka aichukue.

"Naitaka miye," akasema baba yangu. Watu wakacheka.

Baba yangu, Himid, alikuwa mtu wa Makoongwe, kisiwa kidogo ambacho utotoni mwake hakikuwa na hata baiskeli. Alikuja Makangale kubeba magogo katika kiwanda cha mbao cha Ngezi, na kwa kutazama tu akaishia kuwa fundi wa mashine za msumeno. Lori la kiwanda likaibeba ile gari mpaka uani kwetu. Watu wakaipa jina la Chaza, kwa kuwa ilitoka topeni.

Tulianza mimi na yeye. Mimi nilikuwa nimeacha skuli, nimerudi, nimeacha tena. Jioni akitoka kazini anavua shati, anakaa juu ya gogo, ananambia, "Haya fundi mdogo, leo tumvue nini huyu bibi harusi?" Tuliifungua yote. Kila bolti tuliiosha kwa maji ya kisima, tukaitia mafuta ya taa, tukaifuta. Chumvi ile haikuwa na haya. Leo unaisugua, kesho imetoka tena nyeupe pale pale. Vyuma vilivyokwisha kuliwa baba alivichonga vyengine kiwandani, wakati wenziwe wakinywa chai. Viti alivishona mama, akavijaza usufi, akavivisha turubai la tanga kuukuu. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa kitini kabla gari haijawa na hata gurudumu moja, akasema, "Himid, unipeleke Shumba nikaamkie wazee." Baba akafanya kama anaendesha, akaunguruma kwa mdomo, akapiga na honi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nayasema haya kwa sababu baadaye watu walimsema baba yangu kama mtu aliyezaliwa mbaya. Hakuzaliwa mbaya. Ila alikuwa na ulimi ambao ukishikwa na hasira hautafuti wa kumpiga mbali. Mama alikuwa keshaachwa naye mara mbili. Ya kwanza kwa samaki aliyeungua. Ya pili sijapata kuijua sababu yake. Zote mbili alimrejea eda haijesha, na zote mbili alilia kama mtoto. Ilibaki moja, na moja hiyo ikitoka hapana kurejeana, ila mama aolewe kwanza na mume mwengine, na ndoa hiyo iishe.

Tatizo lilianza siku mashine ilipowaka. Tulikuwa tumeshapiga hendeli mpaka viganja vimechubuka, na gari kimya. Baba akaenda msikitini kusali alasiri. Mimi nikabaki, nikaona nyaya mbili za plagi tumezifunga kinyume, nikazibadilisha, nikapiga hendeli. Chaza akanguruma mpaka kuku wakaruka ua. Baba akatoka msikitini viatu mkononi, na watu nyuma yake.

"Himid," akasema Ahmada, "leo mwanao kakufundisha kazi."

"Basi na aitoe yeye," mwengine akadakia. "Weye kaa kiti cha Bi Mwatum, ushike na mkoba."

Wakacheka wote. Kicheko cha kawaida, cha watu waliotoka kusali pamoja. Na mimi nikacheka. Baba hakucheka. Alinitazama mikono yangu yenye grisi, kisha akaitazama gari, na uso wake ukawa wa mtu niliyekuwa simjui.

"Sikilizeni," akasema. "Gari hii haivuki mlango wa ua huu mtu mwengine kashika usukani kabla yangu miye. Ikivuka, Mwatum kaachika."

Mwalim Abrahman, aliyetusomesha chuoni Kurani na ndiye tuliyemfuata kwa mambo ya ndoa na mirathi, akasema taratibu, "Himid, yavute maneno hayo."

"Nishasema, Shehe."

Mama alikuwa jikoni. Habari ilimfikia kwa wanawake, kabla mumewe hajaingia ndani. Hakupiga kelele. Alimngoja amalize kula, akamwambia, "Si jambo gumu hili. Itoe kesho asubuhi, uende nayo mpaka msikitini urudi. Kiapo kiishe."

"Haijapakwa rangi."

"Nani kakuuliza rangi?"

"Ina viraka na kutu, Mwatum. Niitoe vile wanicheke tena? Itatoka siku ya Idd, nyekundu, kila mtu aione."

"Na miye baina ya leo na Idd nikae vipi?"

"Ukae kama ulivyokaa. Nani atakayeitoa? Funguo ya mlango wa ua ninayo miye."

Alimwomba tena. Alimpikia pweza wa nazi, akamwomba. Alinituma mimi nimwombe, nikaenda, baba akaniambia bila kunyanyua kichwa, "Unataka uitoe weye." Tangu siku hiyo hakunipa tena spana. Nikinyanyua kitu ananambia kiweke. Breki alizifunga peke yake, mipira aliitia pumzi peke yake. Gari ikawa tayari kila kitu, inangoja rangi tu. Wete rangi nyekundu ya gari haikupatikana. Akaambiwa Chake Chake ipo.

Siku aliyokwenda kuifuata rangi hiyo alipanda lori la kiwanda asubuhi. Mlango wa ua aliuacha haukufungwa; sijui alisahau au alikuwa na haraka ya kufika. Chini ya gari aliacha kikombe cha bati, kile kile tunachonywea chai, kina mafuta ya taa na plagi mbili kuukuu zimerowekwa ndani. Mwanabaraka ndiyo kwanza anajua kunywea kikombe.

Mama alimkuta kakaa kando ya gurudumu anakohoa, plagi kaishika mkononi.

Lori limekwenda na baba. Makangale siku zile hapakuwa na gari nyengine. Ahmada akasema atafunga ng'ombe wake kwenye gari lao.

"Ng'ombe wako watafika Konde mtoto keshakufa," mama akasema. Akanigeukia. "Washa."

"Mama, baba kaapa."

"Najua kaapa. Na nakukumbusha na weye, usije ukasema hukujua. Ukiitoa hii, miye si mke wa babako tena. Haya, washa."

Nikawasha. Ahmada alikuwa keshatoka njiani kwenda kwa ng'ombe wake, na aliposikia mashine ndipo alipoturudia mbio, kama nilivyosema.

Kuendesha nilijifunza kwenye lori la kiwanda, kulisogeza huku na huku penye magogo. Njia ya msitu wa Ngezi ilikuwa mizizi na madimbwi. Tulipofika Konde watoto wakaja kutukimbilia, wakipiga makofi, "Chaza katoka! Chaza katoka!" Mtu mzima mmoja akaninyanyulia kofia. Walidhani ni furaha. Na gari ilikwenda, hilo nalo niliseme. Ilikwenda kwa sauti moja, haikukohoa hata mara moja. Baada ya Konde mama akasema, kama anasema peke yake, "Inakwenda vizuri. Laiti babako angeiona."

Hospitali ya Wete wakampokea mtoto, wakamlaza. Walisema mafuta yameingia mapafuni, hapana la kufanya ila kumtazama na kumsaidia kupumua. Adhuhuri rangi ya midomo ikaanza kurudi.

Baba aliipata habari Konde, lori likirudi. Akaingia wodini jua bado lipo juu, na mkebe wa rangi mkononi. Sidhani kama alijua bado anao. Akatoa salamu. Akamtazama mtoto, akamgusa unyayo. Kisha akamgeukia mama.

Mama akavuta kanga, akajifunika uso.

Alijifunika kama mwanamke anavyojifunika mbele ya mwanamume asiyemhusu. Baba akabaki amesimama, kisha akarudi nyuma hatua moja, akatoka nje.

Tuliporudi Makangale na mtoto mzima, kikohozi tu kimebaki, baba akamwita Mwalim Abrahman. Tukakaa ukumbini, wanaume. Mama nyuma ya pazia. Ahmada alikuwepo, kwa kuwa alikisikia kiapo na aliiona gari ikitoka. Mwalim akanambia niketi karibu yake. Alikuwa mtu wa huruma, na nilimwona anautafuta mlango wa kuwatolea wazee wangu.

"Bakar," akasema, "mtu akiapiwa kitu, akakitenda kwa kusahau, wanazuoni wana kauli kwamba talaka haianguki. Mtoto wa watu alikuwa anakufa mbele yako. Sasa fikiri vizuri kabla hujanijibu. Ulipoitoa gari uliyakumbuka maneno ya babako, au khofu ilikusahaulisha?"

Baba akanitazama. Tangu siku ya kiapo hakuwa amenitazama hivyo, na macho yale yalikuwa yananiomba. Nikafungua mdomo. Neno nililokuwa nalo ulimini lilikuwa, nilisahau.

"Asiulizwe yeye," mama akasema nyuma ya pazia. "Niulizwe miye."

"Bi Mwatum, ngoja kijana ajibu."

"Shehe, mwanangu hakusahau. Nilimkumbusha mwenyewe kabla hajapiga hendeli, na Ahmada alitukumbusha mlangoni. Asisemeshwe uongo kwa ajili yangu."

"Mwatum," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mtoto huenda alisahau. Watoto husahau."

"Himid, nilikwambia uende nayo mpaka msikitini urudi. Mpaka msikitini tu. Uliona bora nining'inie miye kuliko watu waone kutu."

Ahmada akatazama mkeka. Mwalim Abrahman akasema, "Basi talaka imeshapita," akaomba maji ya kunywa.

Mama akatia nguo zake kwenye sanduku, na Ahmada akafunga ng'ombe. Baba alikuwa amesimama kando ya Chaza, kaupangusa usukani, mlango wa kiti cha pili kaufungua.

"Bakar atakupelekeni," akasema. "Kiti ulikishona mwenyewe."

"Ng'ombe wananitosha," mama akasema. Akapanda na mtoto, gari la ng'ombe likashika njia ya Shumba. Mimi nikapanda nyuma, nimeshika sanduku.

Baba aliipaka rangi peke yake. Siku ya Idd akaitoa nyekundu, akaenda nayo mpaka msikitini. Watu walikuwa wamejaa nje na kanzu zao mpya. Niliambiwa hakuna aliyecheka wala aliyesema kitu. Akasali, akapanda, akairudisha uani. Haikutoka tena.

Mama alikaa eda Shumba, kisha akaolewa na mtu mjane msuka madema ya kuvulia samaki, wakapata watoto wawili. Mume huyo alipofariki, baba alimtuma mtu kusema kwamba sasa njia ya halali ipo. Mama alimpa mjumbe chai, akamuuliza habari za watu wa Makangale, akamuaga. Hakuolewa tena. Kafia Shumba.

Bwana Thuwein na Sleiman waliondoka baada ya Mapinduzi, wakenda Maskati. Kiwanda cha mbao kilifungwa. Baba alirudi Makoongwe, akakaa na dada yake, na huko ndiko aliko kaburini. Sikuwahi kumzika, nilikuwa Mombasa. Ahmada alipofuka macho uzeeni. Mwalim Abrahman alifariki kabla yao wote.

Mwanabaraka yuko Wete, ana wajukuu, kifua chake hakikupata kuwa sawa. Hupikia kuni, si mafuta ya taa.

Mimi nimeendesha magari ya watu Tanga, Mombasa na Dubai. Langu mwenyewe sikupata kuwa nalo.

Chaza ilibaki uani Makangale. Kuku walitagia kwenye viti mpaka usufi ulipokwisha, na bodi ikakatwa vipande vya kuezekea mabanda. Vipande hivyo nilipovikuta bado vilikuwa na rangi.