Jiwe la Melkior

Serikali mbili zilipoteza jiwe lao, zikaja kulitafuta kwenye kaburi la mume wa watu.

Mektrida alikuwa akimkatia ng'ombe majani ya migomba aliposikia kelele za shangwe nyuma ya nyumba. Alitoka na panga mkononi. Aliwakuta wapima ardhi wamelizunguka kaburi la Melkior, wengine wa Tanzania, wengine wa Kenya, wote wakiipiga picha nguzo fupi ya zege iliyosimama kichwani pa marehemu. Kijana mmoja alikuwa ameukanyaga mmea wa isale uliopandwa hapo, ili namba iliyochorwa kwenye zege ionekane vizuri.

"Mama, hongera!" mkubwa wao akamwambia. "Miaka yote tunalitafuta korongoni, kumbe liko kwako."

"Hilo ni jiwe la mume wangu," alisema Mektrida.

"Hilo ni jiwe la mpaka, mama."

Yote mawili yalikuwa kweli, na hapo ndipo ulipokuwa uchungu wenyewe.

Kijiji chao kiko Rombo, kule chini ambako mteremko wa mlima unaanza kuchoka. Mwaka aliofariki Melkior, masika yalilibomoa korongo linalotenganisha Tanzania na Kenya, nguzo ikang'oka ukingoni ikalala matopeni. Hakuna afisa aliyekuja hata kuipa pole. Aliyeiona ni Remigius, mdogo wake Melkior. Msalaba wa mbao huliwa na mchwa kabla machozi hayajakauka, akasema, na jiwe hili serikali zimelitupa. Basi limfae kaka. Yeye na Mektrida walilibeba wao wawili, wakipumzika kila wachokapo, wakalisimika kaburini. Mektrida akapanda isale kando yake, na upande wa kushoto wa Melkior akaacha nafasi ya mtu mmoja. Ile ilikuwa yake. Kila jioni aliipalilia kama mtu anayetandika kitanda.

Remigius aliishi ng'ambo ya korongo. Baba yao alipanda migomba pande zote mbili bila kumwomba mtu ruhusa, na vitambulisho vilipokuja, kila ndugu akapewa cha upande ilipokuwa nyumba yake. Mmoja akawa Mtanzania, mwingine Mkenya, na mama yao mmoja kaburini hakujua habari hizo.

Sasa wapima ardhi walivuta kamba yao kutoka kwenye lile zege. Nyumba na banda la ng'ombe vilibaki Tanzania. Kahawa, migomba na kihamba chote, yaani shamba la ukoo, hadi korongoni vilikwenda Kenya. Melkior naye alikwenda, kichwa mpakani na mwili wote ng'ambo, yeye ambaye maisha yake yote hakuvuka hata kwenda kununua sukari Taveta.

"Tulilibeba kutoka korongoni!" Mektrida alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Walimwambia akalete shahidi Moshi, siku tume ya mpaka itakapokaa.

Shahidi alikuwa mmoja tu, na hawakuwa wakisemeshana. Baada ya matanga, Remigius alitaka kumrithi mjane wa kaka yake kama wazee walivyofanya zamani. Mektrida alimjibu mbele ya ukoo mzima, "Heri nirithiwe na beberu." Watu walicheka, na Remigius hakukanyaga tena uani kwake. Juu ya hayo, kihamba hicho kikihesabiwa Kenya kitapakana na chake, na kila mtu alijua ni nani angekilima.

Denis, mwanawe mwenye duka la vipuri vya pikipiki Kiboriloni, alipiga simu. "Mama, achana nao hao. Njoo mjini ukae na wajukuu."

"Na baba yako nimwachie nani?"

Mchagga akitaka kuonyesha mwisho wa kihamba chake hupanda isale. Na mtu akimkosea mwenzake, hukata tawi la isale hilohilo, akayapiga majani yake fundo, akampelekea. Anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Mektrida hakuwa na kosa. Kukataa kuolewa si dhambi popote. Lakini aliyetingwa hachagui daraja. Alikata tawi, akalipiga fundo, akashuka korongo na kupanda ng'ambo huku magoti yakimlalamikia.

"Tumsifu Yesu Kristo," alibisha.

"Milele na milele, amina," Remigius aliitikia, halafu akaliona tawi. Alisimama. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Nilikuaibisha mbele za watu, shemeji," Mektrida alisema. "Nisamehe. Nakuomba uwaambie tu tulikolitoa lile jiwe. Nataka kuzikwa kando ya kaka yako, kwenye nchi yangu."

Wakanywa pombe ya mbege kwenye kata moja, Mektrida akianza, Remigius akifuata. "Nitasema," aliapa. "Bega langu hili ndilo lililobeba." Mektrida alirudi nyumbani akiimba, jambo ambalo majirani walikuwa wamelisahau.

Huko Moshi tume ilikaa kwenye ukumbi wenye feni zisizozunguka. Mektrida ndiye aliyeanza. Alieleza masika, matope, bega kwa bega, kila kitu. Mwanasheria alimwinamia kwa upole wa daktari mwenye sindano.

"Mama, unajua kuhamisha nguzo ya mpaka ni kosa la jinai? Huku na kule pia?"

"Nimejua leo. Nifungeni, ila jiwe lirudi lilikotoka."

Akaitwa Remigius. Afisa mmoja alimkumbusha, bila ukali, kwamba maneno yake yanaandikwa na sheria ameisikia. Remigius alijifuta uso kwa kofia. Alitazama feni, akatazama dirisha ambako siku hiyo mlima ulikuwa umejifunika. Hakumtazama Mektrida.

"Jiwe hilo nimelikuta palepale tangu utoto wangu," alisema. "Shemeji yangu ni mzee. Majonzi yamemchanganya."

Kata moja! Mtu amekunywa naye kata moja, na isale bado halijanyauka ukutani kwake!

Mektrida alisimama bila kuruhusiwa. "Haya, jiwe mmeliuliza, na shahidi mmemuuliza. Mbona hakuna aliyetuuliza sisi tunaokaa pale tunataka kuwa wapi?"

Mwenyekiti wa tume alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. "Mama yangu, hapa tunauliza jiwe lilikuwa wapi. Moyo wa mtu uko wapi, hatukutumwa kuuliza."

Denis alimshika mama yake mkono akamtoa nje. Mektrida hakulia, na hilo ndilo lililomtisha Denis.

Kabla ya vuli kuanza, nguzo mpya ilijengwa pale kaburini, nyeupe, ya kujidai. Jiwe la Melkior walilipakia garini wakaenda nalo. Wakulima wa ng'ambo waliikata migomba iliyozeeka wakapanda mingine, na Mektrida aliwatazama kutoka mlangoni pa banda lake, kwa sababu siku moja alipovuka kwenda kufagia kaburi, askari kijana alimwamkia shikamoo kwa adabu zote kisha akamwomba kibali.

Siku moja Remigius alikuja akipitia kwenye migomba iliyokuwa sasa yake. Alisimama upande wa pili wa nguzo, amekonda, mkononi ana tawi la isale lenye fundo.

"Shemeji, niliogopa jela. Nina wajukuu. Nisamehe."

Mektrida alinyoosha mkono akalipokea. Isale halikataliwi, mama yake alimfundisha hivyo, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja mila kwa sababu wengine wamezivunja. Remigius akashusha pumzi.

Kisha Mektrida alilifungua lile fundo polepole, akayanyoosha majani moja moja. Alichimba kwa ncha ya panga pale pale kwenye mstari, kati ya miguu yake na ya shemeji yake, akalipanda tawi na kulikandamiza udongo kwa kisigino.

"Serikali zimeweka lao la zege," alisema. "Hili nimeweka mimi."

Remigius alilitazama lile tawi, machozi yakimtoka kweli kweli. Alitafuta neno la kumfariji, akaliokota baya kuliko yote. "Ile nafasi yako kando ya kaka nitaitunza, shemeji. Nitaipalilia mwenyewe. Siku ikifika, nitahangaikia vibali."

Mektrida aliitazama ile nafasi, majani yalikuwa yameshaifunika. Aliokota panga lake.

"Hiyo lala wewe," alisema. "Ni kwenu."