Kitu Kinachonyonya

Kitabu cha sayansi cha darasa la nne kinasema "kufyonza." Mimi nilisema "kunyonya," kwa sababu nilikuwa na haraka na darasa lilikuwa na kelele. "Alhamisi kila mtu aje na kitu kinachonyonya." Neno maji nikalisahau. Lawama ni zangu, na sijutii hata kidogo.

Alhamisi wakaja. Hezron alileta kipande cha godoro, Ikupa kipande cha gunia. Amoni alileta mfuko wa nailoni, huyo sijui alikuwa anawaza nini. Frida alimleta mdogo wake, Osea, mgongoni.

"Ananyonya sana, Mwalimu," akasema. "Mama mwenyewe analalamika."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Kila Alhamisi mama yake Frida hupanda lori na magunia ya maharage kwenda kuuza Tunduma, baba yuko Ivuna kwenye chumvi, na Frida hubaki nyumbani Ndalambo kulea. Mwalimu mkuu, Barnaba, alishasema akikosa Alhamisi nyingine hafanyi mtihani, atarudia darasa. Watoto wadogo nao alishawapiga marufuku shuleni. Binti wa watu kabanwa huku na huku, na iliniuma. Halafu Frida ndiye anayeongoza darasa zima kwa Kiswahili. Tofauti ya kufyonza na kunyonya anaijua kuliko mimi.

Nikamwambia akae mbele.

Tukamimina maji kwenye sahani, tukaanza. Godoro likafyonza vizuri, gunia likafyonza kidogo, nailoni ya Amoni ikaelea bila wasiwasi wowote. Osea alinyonya kidole. Ndipo mwalimu mkuu akaingia.

"Mwalimu Ketrina, huyu mtoto anafanya nini hapa?"

"Ni zana ya kufundishia, Mkuu."

"Zana?"

"Niliagiza vitu vinavyonyonya."

Alimtazama Frida. Frida alitazama sakafu, mikono imeng'ang'ania mbeleko. "Hebu mlete," Mkuu akasema, akampokea Osea, nadhani ili amtoe nje. Osea hana aibu. Alikojoa palepale, taratibu, na suruali ya kadeti ya mwalimu mkuu ikapokea yote.

Kisha Hezron, anayeipenda sayansi kupita kiasi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, halijadondoka hata tone. Suruali imeshinda godoro."

"Andikeni," nikasema. Wakaandika.

Mkuu alibaki amesimama na mtoto, mtoto akichezea tai yake.

"Alhamisi ijayo unafundisha nini?" akaniuliza.

Mada ilikuwa imekwisha. Iliyokuwa inafuata ni sumaku.

"Tunarudia hii hii," nikasema. "Hawajaelewa."

"Na Alhamisi ya baada ya hapo?"

"Hawa watoto ni wazito sana, Mkuu."

Aliitazama suruali yake kwa muda, akamrudishia Frida mdogo wake.

"Kusema kweli hata mimi sijaelewa vizuri," akasema, akatoka akitembea ametanua miguu.

Frida akafunga mbeleko upya. Halafu akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa, akauliza kama Alhamisi ijayo aje na uji wa Osea.