Tundu la Nje

1.
JUMBA LA MAKUMBUSHO, IDARA YA MAONYESHO
Kwa Bi Zamda Shekiango, fundi ngozi, Tanga.
Kilichopo: bizimu moja ya shaba, ya kufungia mkanda. Ngozi yenyewe iliozea kaburini.
Kinachotakiwa: mkanda wa kiuno wa askari wa Rumi, pamoja na mkanda wa begani wa kubebea upanga.
Matundu: matano. Yasizidi.

2.
Mie ndiye Zamda. Hebu nisikilizeni. Kwetu mkanda haukatwi kwa futi kamba, tunaupima kiunoni mwa mtu aliye hai. Sasa huyu Mrumi kafa zamani hizo, nimpime wapi? Nikamwita mume wangu.

"Sengasu, simama hapa uwe askari."
"Mshahara wangu?"
"Uji."

Alicheka mpaka akakohoa. Bizimu ilikaa tundu la kwanza, la upande wa ncha.

3.
Vilivyo mezani:
ngozi ya ng'ombe, imelowekwa magome ya mkandaa
msharasi wa kutobolea ngozi
uzi wa nta
dawa za Sengasu za asubuhi
dawa za Sengasu za jioni

4.
(Askari, kutoka ndani ya bizimu. Au ni usingizi wangu tu.)

Nimebaki shaba. Jina langu lilikwenda na ngozi. Wewe unayesoma, gusa kiuno chako. Kumbe una joto bado. Upanga wangu ulining'inia kulia, na kila majira ya baridi niliuvuta mkanda ndani kidogo, kidogo,

5.
Kila nilipomaliza kipande nilimvika tena.

Machi, tundu la pili.

Mei, la tatu.

Juni

6.
Dirishani, majirani:
"Yule mzee kwisha habari yake."
"Shh! Mkewe yumo ndani."

Nimo. Nimewasikia, wapuuzi wakubwa nyie.

7.
Jumatano. Ijumaa watu wa makumbusho wanakuja kuuchukua. Nilimfunga kiunoni, nikamvika na ule wa begani. Tundu la tano, na bado unalegea.

Naogopa, jamani. Naogopa sana.

Sengasu akajitazama kiooni kwa muda mrefu.

"Lete msharasi, mke wangu."
"Nikutobolee la ndani?"
"La nje. Kule karibu na ncha. Nitanenepa."
"Barua inasema matano."
"Aliyeiandika hajauvaa."

Nikatoboa.

8.
RIPOTI YA UPOKEZI
Kazi safi. Mishono imara. Kasoro moja: tundu la sita, upande wa ncha, halina dalili ya kutumika. Fundi ameulizwa sababu.

Fundi amejibu:

bado.