Mikono Ile ni ya Nani

Kila likizo ya mwisho wa mwaka, kituo kimoja cha televisheni kilirusha filamu za zamani, zile nyeusi na nyeupe, moja kila siku saa tisa alasiri, wiki nzima. Na kila mwaka Alhamisi ilikuwa zamu ya ile ya mjane mshonaji. Basi nyumba nzima ilijipanga sebuleni, wakubwa kwenye viti, watoto chini juu ya mito. Ilipofika ile sehemu ambayo mikono ya mjane inatia kifungo cha mwisho kwenye gauni la harusi la mwanamke mwenzake, mama mwenye nyumba alijikohoza, akasema kama mtu anayetaja saa:

"Hiyo mikono ni yangu."

Hapo watu walivunjika mbavu.

"Na pua ile, Bibi?" wajukuu waliuliza. "Nayo uliwaazima?"

"Pua wangeikataa," alisema binti yake, aliyekuwa msusi mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. "Isingeenea kwenye skrini."

Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Enzi za usichana wake aliajiriwa na kampuni moja ya filamu, kwenye chumba cha mavazi, kazi yake kutia vifungo na kupunguza viuno. Hilo hakuna aliyelibishia. Picha ilikuwa ukutani, yeye na wenzake sita, futi zikining'inia shingoni. Kilichobishiwa ni mikono. Mikono ile, kwa wote walioipenda filamu, ilikuwa ya nyota ambaye mashabiki walimwita Matone Matatu, kwa kuwa katika kulia kwake hakuzidisha chozi la tatu, na hayo matatu yalitosha kuliza ukumbi mzima.

Mwaka huu kicheko kiliingia makali. Wiki mbili kabla ya likizo Fundi aliacha pasi imelalia sketi ya mteja, akatoka kuzungumza na jirani, mazungumzo yakanoga. Mama Bonge, mke wa mwanawe wa mwisho, ndiye aliyenusa moshi. Aliingia mbio, Bonge mgongoni, akachomoa waya. Sketi iliteketea na meza ikabaki na alama nyeusi ya umbo la pasi. Hakuna aliyeumia, ila habari zilimfikia Kamanda.

Kamanda alikuwa mtoto wa kwanza wa Fundi, na kazi yake zimamoto. Ni mtu ambaye hata akialikwa harusini, kabla ya kumtazama bibi harusi, hutafuta kwanza mlango wa dharura. Alipofika kwa likizo hakusalimia kwanza. Aliikagua ile meza kwa kidole, akanusa, akatikisa kichwa. Jumanne, baada ya chakula cha mchana, akatoa hukumu.

"Ijumaa asubuhi naondoka na Mama. Atakaa kwangu, kuna mtu wa kumwangalia kutwa. Cherehani nimeshaipatia mahali, chuo cha ufundi wanaihitaji."

Mama Bonge aliweka chini sahani alizokuwa akikusanya. "Shemeji, kwani kilichounguza sketi ni pasi au cherehani?"

"Kilichounguza ni usahaulifu." Kamanda hakuwa mkali; alikuwa na huzuni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Juzi kaniita jina la marehemu Baba. Na hiyo hadithi ya mikono. Mtu anayeona mikono yake kwenye mwili wa mwenzake, wewe unamwachia umeme? Mimi nimeshatoa wazee kwenye moshi, Mama Bonge. Wewe hujawatoa."

"Mikono tulikuwa tunaicheka tu, wifi yangu," msusi akaongeza polepole. "Sasa haichekeshi."

Chumba cha pili mlio wa cherehani ulikatika.

Mama Bonge alimkuta Fundi ameketi wima, miguu bado kwenye pedali, kitambaa kimekwama nusu chini ya sindano.

"Mama, umesikia?"

"Sijawa kiziwi. Hilo watalileta mwakani."

Mama Bonge alichuchumaa kando ya pedali. Alikuja kwenye nyumba hii miaka mitatu iliyopita hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Mwanamke huyu alimfundisha bila kumsimanga, akimfumulia mshono na kumrudishia kitambaa: rudia, mwanangu. Na jioni za masomo, mumewe akiwa zamu kazini kama alivyokuwa hata likizo hii, Fundi ndiye aliyembeba Bonge na kumwimbia mpaka mama yake arudi na madaftari yake. Kumwondoa mbele ya cherehani ile kulikuwa sawa na kumfunga mdomo.

"Nikuulize mara moja tu, Mama. Mikono ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi."

Akapiga moyo konde. Siku iliyofuata alimwomba binti wa jirani amwonyeshe jinsi king'amuzi kinavyorekodi, jinsi ya kuirudisha picha nyuma, na jinsi ya kuisimamisha. Alirudia mpaka kidole gumba kikazoea. Kuhusu atakachokiona hakuwa na hakika. Alichojua ni kwamba, kwa miaka yote hiyo, watu walitazama uso wa Matone Matatu na kusikiliza utani, hakuna hata mmoja aliyeitazama mikono.

Alhamisi ikafika. Mtangazaji alitokea kwanza, tai imemkaba, akasema yale ya kila mwaka: kwamba mtazamaji asikose pale mikono inaposita katikati ya mshono, kwani huzuni yote ya mjane imekaa kwenye kusita kule, na kwamba nyota mwingine wa kusita namna ile hajazaliwa. Filamu ikaanza. Mama Bonge alikaa sakafuni, Bonge akinyonya, rimoti chini ya paja.

Mikono ikatokea, imejaa skrini nzima. Fundi alijikohoza. Mwaka huu hakusema kitu. Mabinti wawili wa msusi walitazamana, na mmoja akaanza kucheka kabla utani haujatolewa.

Picha ikasimama.

"Nani kakalia rimoti?" msusi akafoka.

"Nimesimamisha mimi, wifi. Tazameni sindano iko mkono gani."

Ilikuwa kushoto. Mama Bonge akarudisha nyuma: Matone Matatu akiandika barua, kulia. Akimimina maji, kulia. Akimzaba kofi yule bwana aliyemwacha, kulia, tena kofi la kweli, kichwa cha bwana kikageuka.

"Ee!" alisema binti mdogo. "Bibi naye hutumia kushoto!"

Wote walimgeukia Kamanda, naye akajishika kidevu.

"Sawa," alisema. "Hiyo inaonyesha mikono si ya Matone Matatu. Haionyeshi kwamba ni ya Mama. Chumba kile cha mavazi kilikuwa na mafundi saba. Nani ajuaye wangapi walitumia kushoto?"

"Masomo ya jioni hayo," msusi akamnong'oneza Mama Bonge, si kwa ubaya. "Umejitahidi, mwenzangu. Acha tutazame."

Mama Bonge alihisi masikio yanawaka moto. Alikuwa ameweka tumaini lote kwenye kitu kimoja, nacho kilikuwa kimechukuliwa na kurudishwa nusu. Lakini hakurudi nyuma. Aliiachia picha iendelee, macho yakiwa kwenye vidole. Kifungo kikashika. Uzi ukaanza kuzungushwa chini yake, mzunguko wa kwanza, wa pili. Vidole vikasita. Sekunde moja, mbili, tatu, nne. Kisha vikaendelea.

Akasimamisha tena.

"Mama," alisema, na sasa aliuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza fundi wake. "Kwa nini uliacha hapa?"

"Wapi?"

"Ukiwa unazungusha uzi chini ya kifungo. Mimi ukinikuta nimeacha hapo unanipiga kofi la mkono. Unasema uzi utalegea, kifungo kitacheza kama jino bovu. Sasa wewe uliacha, tena kwenye gauni la harusi. Kwa nini?"

Fundi alimtazama mkwewe, kisha kanga iliyomfunika Bonge, kisha sakafu. Usoni mwake palipita kitu ambacho wanawe hawakuwahi kukiona, aibu ya msichana aliyefumaniwa.

"Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza," alisema. "Nilijichoma."

"Ulijichoma?"

"Nilijichoma, jamani, fundi mzima! Matone Matatu sindano aliishika kama mwiba wa samaki uliomtoka kooni. Wakahangaika naye asubuhi nzima. Mwishowe mwongozaji akasema, leteni yule msichana. Wakanivisha pete yake, wakaniwashia taa, wakaniambia shona, usitikisike. Mikono ikanitetemeka. Sindano ikaingia kidole cha kati cha kulia, hiki hapa, damu ikadondoka kwenye hariri. Na mkuu wa mavazi alikuwa ameshaapa, atakayelitia doa gauni lile afungashe virago siku hiyo hiyo. Nikakisogeza kidole, nikafunika. Yule mwongozaji anapiga kelele, 'Hapo hapo! Vizuri sana!' Mimi naomba ardhi ipasuke niingie. Nikamaliza, nikanyanyua mkono, nikakunja kitambaa upesi. Usiku nikalifua doa kwa mate na chumvi. Sikumwambia mtu, hata baba yenu. Mikono niliisema. Doa, hapana."

"Liko wapi hilo doa?" Kamanda alikuwa ameshasimama.

"Chini ya kifungo, upande wa kulia. Likionekana ni kidogo tu, pale nilipoinua mkono. Sijui. Mimi kwa mbali sioni. Kutoka hapa nilipokaa Matone Matatu ni wingu lenye nywele."

Kamanda alimnyang'anya Mama Bonge rimoti, akapiga magoti mbele ya televisheni. Sasa alikuwa kazini. Mtu huyu aliingia kwenye nyumba zilizogeuka majivu, akatafuta kwa macho mahali moto ulipoanzia, na mara nyingi mahali hapo palikuwa padogo kuliko ukucha. Alisogeza picha kidogo kidogo, akabana jicho moja. Vidole vikakaza uzi. Vikakata. Mkono wa kulia ukaanza kuinuka.

"Hapo, Mjomba!" mabinti wakapiga kelele kwa pamoja.

Doa jeusi, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, chini ya kifungo, upande wa kulia. Alibonyeza tena, likapotea ndani ya mkunjo wa kitambaa. Alirudisha, likatokea. Alifanya hivyo mara nne. Kisha akageuka, bado amepiga magoti, akaushika mkono wa mama yake, akautazama kidole kwa kidole kana kwamba amekabidhiwa leo.

"Wanasema ni huzuni ya mjane," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Miaka yote hii. Kumbe ni wewe umeogopa kufukuzwa kazi."

"Niliogopa sana, mwanangu."

Msusi alijifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Mama, na mimi nilivyokuwa nacheka..."

"Ulicheka vizuri tu. Una meno mazuri."

Kicheko kikawatoka wote, na safari hii Fundi alikuwa ndani yake. Lakini Kamanda alikuwa wa kwanza kunyamaza.

"Pasi iliunguza kweli, Mama. Doa halifuti hilo."

"Halifuti," alijibu Mama Bonge kabla ya mwingine kuchukua neno. Alimwachisha Bonge ziwa, akasimama. "Pasi ichukue, shemeji, ukaifungie hata kwenye gari la zimamoto. Nitanunua nyingine nitakayoificha mimi, na kupiga pasi ni kazi yangu kuanzia leo. Ila cherehani ni ya kukanyaga, haina hata waya. Haitoki. Na Mama haendi mahali ambapo hajaulizwa kama anataka kwenda."

"Na jioni za masomo yako?"

"Hazitapigwa pasi nguo. Zitasubiri."

"Akisahau kingine?"

"Nitakupigia simu mwenyewe, sitakuficha. Na kwa daktari nitampeleka mimi, wiki ijayo, kabla hujanikumbusha. Usiseme akili imehama kwa sababu ya mikono, maana mikono umeiona."

Kamanda alimtazama mke wa mdogo wake kama anayekagua ngazi kabla ya kuipanda. Kisha akamgeukia Fundi.

"Mama, wewe unasemaje?"

"Kumbe kuna siku nitaulizwa!" Fundi alijiweka sawa kitini. "Nabaki hapa. Na cherehani yangu inabaki. Kwa daktari nitakwenda, maana nami najiogopa siku nyingine. Na sasa nasema nyamazeni. Filamu hii ilipotoka kwenye sinema, nilikuwa nimetoka kukuzaa wewe, sikwenda. Na hapa nyumbani kila mwaka mkishaanza kunicheka nasingizia chai, naingia jikoni mpaka iishe. Sijui hata huyu bwana mwishowe anaoa nani."

"Bibi! Anamwoa—"

"Usinisimulie!"

Msusi akambana binti yake mdomo kwa kiganja. Fundi alivuta kiti mbele, karibu kabisa na skrini, mpaka lile wingu likapata macho na midomo. Kamanda alikaa sakafuni pembeni ya mama yake, akatafuta kitufe cha sauti, akaongeza.